Maswali ya Wasomaji: Chipu Mpya katika Bunduki ya Peintiboli

SWALI: Ndugu Fundi, nimenunua kwa mtu bunduki ya peintiboli aina ya Ion iliyokwisha kutumika, na pamoja nayo nikapewa bodi nyingine ya umeme ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa. Aliyeniuzia alisema kwamba nikiifunga bodi hiyo, bunduki itapiga kwa nguvu zaidi na kwa haraka zaidi, na kwa sababu hiyo akaongeza bei. Sina uzoefu wa vifaa vya umeme isipokuwa kubadilisha kioo cha simu. Je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani, na nikishaifunga naipangaje? (Msomaji, Columbus, Ohio, Marekani)

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hilo la nguvu, kwa kuwa ndilo lililokutoa pesa ya ziada. Mwendo wa kidonge cha rangi, kile ambacho wachezaji wa peintiboli hupigana nacho, kinapotoka kwenye mtutu hutokana na shinikizo la hewa ambalo regulata, yaani kirekebisha shinikizo, inaliruhusu kufika kwenye chumba cha kufyatulia, pamoja na jinsi kidonge chenyewe kinavyouenea mtutu. Bodi haizalishi hewa wala haiongezi shinikizo. Kazi yake ni kuhesabu muda: vali ya solenoidi, yaani vali inayoendeshwa kwa umeme, ikae wazi kwa milisekunde ngapi, upite muda gani kabla ya kufyatua tena, na kama kidole chako kimebonyeza kweli au swichi imetikisika tu. Bodi bora ni ile inayoifanya hesabu hiyo kwa usahihi na kukuruhusu wewe kuibadilisha. Kwa hiyo nguvu hutaipata, lakini haraka unaweza kuipata, kwa masharti nitakayoyaeleza.

Ion ilitolewa mwaka 2005 na kampuni ya Smart Parts ya Pennsylvania, na ilipendwa kwa sababu iliwafikishia wachezaji wa kipato cha kawaida bunduki inayotumia umeme na hewa kwa pamoja, wakati ambapo bunduki za namna hiyo zilikuwa za wenye nazo. Bodi yake ya kiwandani ilikuwa na mipangilio michache, na ndiyo maana kampuni nyingine, Virtue ikiwa mojawapo, zikatengeneza bodi za kuwekwa mahali pake. Smart Parts yenyewe ilifunga shughuli mwaka 2010, hivyo usitegemee msaada wa kiwanda. Karatasi ya maelekezo ya bodi hiyo ni mali kubwa kuliko unavyodhani. Kama hukupewa, mtafute aliyekuuzia leo hii kabla hajaitupa, kwa sababu rangi za taa na mpangilio wa kubonyeza hutofautiana kutoka bodi moja hadi nyingine.

Kama uliweza kubadilisha kioo cha simu bila kukata waya, kazi hii unaiweza. Iache bodi ndani ya mfuko wake mpaka dakika ya kuifunga, kwa kuwa mfuko huo umetengenezwa kuzuia umeme tuli, ule unaokurusha kidogo unapogusa kitasa cha mlango wakati wa baridi ya Ohio. Umeme huo unaweza kuua chipu bila kuacha alama yoyote ya kuonekana. Fanya kazi juu ya meza ya mbao na si juu ya zulia, vua sweta ya sufi, na ushike kwanza kitu cha chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa bodi.

Usalama wa bunduki yenyewe una utaratibu ambao wengi huugeuza kichwa chini miguu juu. Ondoa hopa, yaani chombo cha juu kinachobeba vidonge, hakikisha hakuna kidonge kilichobaki kwenye mtutu, kisha ufungue mtungi wa hewa na kuutoa. Betri isiguswe bado. Ndani ya bunduki kuna hewa iliyobaki, na bunduki ya aina hii haiwezi kuitoa hewa hiyo bila umeme. Kwa hiyo washa, zima macho (vihisi vya kuona kidonge, nitavieleza mbele), elekeza mtutu kwenye gunia la mchanga au mahali pasipo na mtu, na ubonyeze kifyatulio mpaka usisikie tena mlio wa hewa. Hapo ndipo uzime na kutoa betri. Anayetoa betri kwanza hujikuta anafungua skrubu za kitu ambacho bado kina shinikizo ndani.

Sasa fungua vibamba vya mpini kwa spana ndogo ya aleni inayoenea sawasawa kwenye vichwa vya skrubu, kwa maana spana iliyolegea huviharibu na baada ya hapo hazitoki tena. Utaiona bodi ikiwa imesimama ndani ya mpini, na waya zikiiendea: za betri, za solenoidi na za macho. Piga picha kwa simu, moja kwa mbali na nyingine kwa karibu, ukionyesha kila waya umepita upande gani wa skrubu na upande gani wa betri. Unapochomoa plagi, shika plagi yenyewe kwa kibano au kwa kucha, usivute waya. Plagi hizo ni ndogo kama punje ya mchele na waya zake zimebanwa tu. Ukizivuta zinatoka, na kuzirudisha ni kazi ya mtu mwenye vifaa.

Weka bodi ya zamani pembeni, ilinganishe na mpya kabla ya kuifunga. Matundu ya skrubu yawe mahali pamoja, na plagi ziwe na idadi sawa ya pini. Bodi iliyotengenezwa kwa ajili ya Ego ya Planet Eclipse haitakaa kwenye Ion hata ukiilazimisha. Angalia pia swichi ndogo inayobonyezwa na kifyatulio, kwa kuwa iko juu ya bodi yenyewe, na mara nyingi swichi ya bodi mpya inakaa mbele au nyuma kidogo kuliko ile ya kwanza. Tofauti ya nusu milimita tu inatosha kukifanya kifyatulio kisiiguse swichi kabisa, au kiwe kimeibonyeza muda wote. Katika hali zote mbili bodi haina kosa. Rekebisha skrubu ndogo za kifyatulio mpaka usikie mlio mwembamba wa swichi katikati ya safari yake, kikienda na kikirudi.

Kabla ya kufunga vibamba, weka betri mpya ya volti 9 na uwashe bila mtungi wa hewa. Zima macho kisha ubonyeze kifyatulio. Utasikia solenoidi ikilia "tik" kila unapobonyeza. Ukiusikia mlio huo, umeme umefika unakotakiwa. Usipousikia, kagua plagi ya solenoidi kwanza, maana ndiyo inayosahaulika. Halafu funga vibamba taratibu huku ukitazama waya. Nimeona bodi nyingi zikilaumiwa kwa kosa la waya uliobanwa kati ya kibamba na fremu, na mwenye bunduki akanunua bodi ya tatu bila sababu.

Jambo moja zaidi kabla hujafunga: bodi nyingi huwa na kitufe kidogo cha kufuli la mashindano, ambacho kikiwa kimefunga, mipangilio haibadiliki kwa kutumia kifyatulio. Kitufe hicho kiko ndani, kimefichwa kwa makusudi ili mchezaji asiweze kubadilisha mpangilio akiwa uwanjani. Ifungue kufuli hiyo sasa, ukiwa bado unaiona.

Kuhusu kuipanga, bodi nyingi huingia kwenye mpangilio pale unaposhikilia kifyatulio huku ukiwasha bunduki. Taa hubadilika rangi, kila rangi ikiwa na jambo lake, na thamani husomwa kwa idadi ya mimweko, kisha unaandika thamani mpya kwa kubonyeza idadi hiyo hiyo ya mara. Jizoeze bila hewa. Andika kwenye karatasi thamani zote za kiwandani kabla hujabadilisha hata moja, kwa sababu utazihitaji.

Mpangilio wa kwanza uwe wa kubonyeza mara moja kupiga kidonge kimoja, na macho yawe yamewashwa. Macho ni miale ya infraredi inayovuka mahali kidonge kinapoangukia. Mwale ukikatwa, bodi inajua kwamba kidonge kipo na inaruhusu kufyatua. Bila macho, bolti, yaani kipande kinachosukuma kidonge mtutuni, huenda mbele wakati kidonge kimeingia nusu tu, na hukikata vipande viwili ndani ya bunduki. Anayeyazima macho ili apige haraka zaidi hupiga haraka kwa sekunde chache, kisha hutumia dakika kumi kusafisha rangi.

Hapa ndipo penye masharti niliyoyataja. Kidonge cha kawaida cha kaliba .68 kina kipenyo cha takriban milimita 17.3. Kikianguka kwa uzito wake pekee kutoka kwenye hali ya kusimama, kuimaliza safari ya urefu wa kipenyo chake hukichukua karibu milisekunde 59. Ukitaka vidonge 15 kwa sekunde, mzunguko mzima una milisekunde 67 tu, na ndani ya hizo bolti inatakiwa iende mbele, irudi nyuma, na kidonge kiingie. Hesabu hiyo haikubali. Kwa hiyo kama hopa yako ni ile ya kumwaga tu, isiyo na mota ya kusukuma, bodi uliyonunua itakaa ikisubiri vidonge, na kasi hutaiona. Hopa yenye mota ndiyo itakayokupa tofauti uliyoahidiwa na muuzaji, na kama una pesa ya kitu kimoja tu, ningekushauri ununue hiyo. Weka kikomo cha ufyatuaji kwenye vidonge 10 hivi kwa sekunde, ambacho hakiko mbali na kinachokubaliwa katika mashindano mengi ya siku hizi, kisha uulize uwanja wako kanuni yao ni ipi.

Kipimo cha mwisho ni dweli, yaani muda ambao solenoidi inapewa umeme kwa kila kidonge. Dweli ikiwa fupi mno, bolti haimalizi safari yake na vidonge hutoka kwa mwendo wa chini na usiolingana. Ikiwa ndefu mno, hewa hupotea bure, betri huisha mapema, na muda wa kidonge kingine kuingia hupungua. Iweke kwanza kwenye thamani iliyoandikwa kwenye maelekezo, nenda uwanjani kwenye kronografu, yaani kipima mwendo wa vidonge, na upige vidonge kadhaa ukiandika mwendo wa kila kimoja. Kisha punguza milisekunde moja, upige tena. Endelea hivyo mpaka uone mwendo umeanza kushuka au kuyumba, halafu ongeza milisekunde moja au mbili na uache hapo. Wengi huona mwendo ni mdogo wakakimbilia kupandisha dweli, ilhali tatizo liko kwenye regulata. Ukishapita pale ambapo bolti inamaliza safari yake, kuongeza dweli hakuongezi mwendo tena.

Mwendo wenyewe usizidi futi 300 kwa sekunde, sawa na mita 91, na viwanja vingi hutaka chini ya hapo. Kidonge cha gramu 3 kwa mwendo huo kina nishati ya jauli 12 na ushei, ambayo ngozi huistahimili kwa alama ya bluu lakini jicho halistahimili. Kila baada ya kugusa bodi, regulata au mtutu, rudi kwenye kronografu kabla hujaingia mchezoni, na barakoa isivuliwe hata kama unajaribu vidonge viwili tu nyuma ya nyumba.

SWALI: Fundi, baada ya kubadilisha bodi, bunduki yangu hupiga vidonge viwili ninapobonyeza mara moja, hasa nikibonyeza polepole. Refa alinitoa uwanjani akidai nimeweka mpangilio wa kudanganya, na mbele ya wenzangu niliona aibu kubwa. Nilikagua na kukuta bodi iko kwenye mpangilio wa kidonge kimoja. Je, bodi ni mbovu? (Msomaji, Leicester, Uingereza)

JIBU: Pole kwa aibu uliyoipata. Huenda bodi ni nzima kabisa, na refa naye hakukosea, kwa kuwa yeye hupima kile bunduki inachofanya, hatazami nia ya mwenye nayo.

Swichi inapobonyezwa, vibati vyake viwili vya chuma havigusani mara moja na kutulia. Hurukaruka kwa muda mfupi sana kama mpira wa tenisi ulioangushwa sakafuni, na kila mruko ni mguso mpya kwa upande wa chipu. Kipimo kiitwacho debaunsi huiambia chipu ipuuze migusano inayofuatana kwa karibu mno. Bodi za kuboreshwa huruhusu kipimo hiki kishushwe hadi chini sana, kwa kuwa wachezaji wenye vidole vyepesi wanataka kila mguso uhesabiwe. Aliyeimiliki kabla yako, au kiwanda chenyewe, kiliiacha chini.

Lipo jambo la pili ambalo limo kwenye maneno yako mwenyewe, pale unaposema tatizo huja zaidi ukibonyeza polepole. Bunduki ikifyatua husukumwa nyuma kidogo, kidole chako kinabaki pale kilipokuwa, na kifyatulio kikajibonyeza tena kwenye kidole bila wewe kukusudia. Kama kifyatulio kina safari fupi mno na springi au sumaku yake ni dhaifu, kosa hilo halitaondoka hata kwa debaunsi ya wastani.

Ukiwa na hewa lakini bila vidonge, na macho yakiwa yamezimwa, shika mpini kwa ulegevu, bila kukaza mkono, na uvute kifyatulio polepole mno mpaka bunduki ifyatue, ukikiacha kidole pale pale kwenye ukingo. Ikifyatua zaidi ya mara moja, panda hatua moja ya debaunsi na urudie. Ukifika juu bila nafuu, rudi kwenye skrubu za kifyatulio uongeze safari yake ya kurudi, kisha uongeze nguvu ya springi. Marefa wengi hutumia jaribio linalofanana na hili, hivyo bunduki itakayolishinda nyumbani haitakuletea matata uwanjani. Debaunsi iliyo juu kupita kiasi nayo ina gharama yake, kwani utabonyeza haraka na baadhi ya mibonyezo haitahesabiwa, lakini mimi ningechagua kupoteza kidonge kimoja kuliko kutolewa mchezoni.

Usisahau betri. Betri iliyochoka huifanya bodi izimike na kuwaka kwa kasi ambayo macho ya binadamu hayaoni, na dalili zake hufanana na za swichi mbovu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina bunduki ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambayo chipu yake haijauziwa kwenye bodi bali imechomekwa kwenye soketi. Nimepata chipu yenye programu mpya. Nataka kuichomeka mwenyewe. Je, kuna hatari gani? (Msomaji, Toronto, Kanada)

JIBU: Hatari kubwa ni kuigeuza. Chipu ya namna hiyo ina mkato wa nusu duara upande mmoja, au kitone kidogo kando ya mguu wa kwanza, na soketi nayo ina mkato unaolingana. Ukiichomeka kinyume na ukawasha, umeme utaingia kwenye miguu isiyostahili na chipu itakufa kabla taa haijawaka. Piga picha ya chipu ya zamani ikiwa bado mahali pake, maana si kila bodi imefungwa ikitazama upande uleule.

Kuitoa, usiing'oe kwa bisibisi kutoka upande mmoja, kwani miguu ya upande wa pili itapinda na mmoja utakatika. Inyanyue kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka itoke ikiwa imelala sawa. Chipu mpya huja na miguu iliyotanuka kwa nje. Ilaze ubavu juu ya meza na uisukume kidogo miguu yote ya upande mmoja kwa pamoja mpaka isimame wima, kisha upande wa pili. Iweke juu ya soketi, hakikisha kila mguu umekaa kwenye tundu lake, tumia kioo cha kukuzia kama macho yamechoka, ndipo ukandamize kwa kidole gumba. Mguu uliojikunja chini ya chipu hauonekani kwa juu, na bunduki inaweza kufanya kazi nusunusu, kwa mfano macho yasisomwe kabisa wakati mengine yote yanaenda.

Tarajia kwamba mipangilio yako ya zamani haitakuwepo, kwa kuwa kwa kawaida ilihifadhiwa ndani ya chipu uliyoitoa. Anza upya na thamani za aliyetengeneza programu, na chipu ya zamani itunze kwenye sponji nyeusi ya kuzuia umeme tuli badala ya droo ya misumari.

SWALI: Naishi Hamburg na rafiki yangu wa Marekani ameniahidi kunitumia bodi yenye mpangilio wa kupiga mfululizo. Je, kuna ubaya nikiitumia uwanjani tu? (Msomaji, Ujerumani)

JIBU: Ubaya upo, na ni mkubwa. Sheria ya silaha ya Ujerumani huzihesabu bunduki za peintiboli kuwa silaha za hewa. Mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kumiliki yenye nishati isiyozidi jauli 7.5, ikiwa na alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Kwa kidonge cha gramu 3 hiyo ni takriban mita 70 kwa sekunde, chini sana ya ile 91 ya Marekani. Silaha inayoendelea kupiga kwa mbonyezo mmoja imekatazwa, na kuitumia "uwanjani tu" hakukupi kinga, maana kosa ni kuwa nayo. Bodi hiyo mwambie rafiki yako abaki nayo. Ukitaka kubadilisha bodi, nenda kwenye duka lenye leseni huko huko, ueleze bunduki yako ni ipi, na upate iliyopangwa kwa kidonge kimoja kwa mbonyezo mmoja. Na unapoisafirisha kutoka nyumbani hadi uwanjani, iwe tupu na ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na wenzangu tuna bunduki za Tippmann 98 za kukodisha na tunatumia gesi ya kaboni dioksaidi kwa sababu hewa ya shinikizo kubwa ni shida kuipata. Tumeshauriwa tuzifunge mpini wa umeme ili wateja wafurahie. Wengine wanasema gesi hiyo huharibu solenoidi. Tushike la nani? (Msomaji, Mombasa, Kenya)

JIBU: Marahaba. Wote wawili wana ukweli, ila wanazungumzia bunduki mbili tofauti. Katika bunduki kama Ion, hewa yenyewe hupita ndani ya vali ya solenoidi, na kaboni dioksaidi ikifika pale ikiwa majimaji hugandisha oringi (pete za mpira za kuziba hewa) na kuzifanya zivuje. Bunduki hizo zinataka hewa tu. Mpini wa umeme wa Tippmann 98 umejengwa vingine: solenoidi yake haipitishi gesi, inasukuma tu ule mkono wa chuma unaoachia nyundo, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kifyatulio. Gesi haiigusi, kwa hiyo kwa upande huo hamna cha kuhofia.

Hata hivyo nisingewashauri mnunue. Tippmann 98 ya kawaida haina macho, na hopa zenu za kukodisha bila shaka ni za kumwaga. Mkiwapa wateja kifyatulio chepesi, vidonge vitakatwa ndani ya bunduki mchana kutwa, nanyi ndio mtakaokaa na ndoo ya maji na brashi ya mtutu. Juu ya hayo, mteja anayecheza kwa mara ya kwanza anahitaji bunduki ambayo ni lazima aivute kwa kukusudia.

Gesi yenyewe ndiyo ningeishughulikia kabla ya umeme. Kaboni dioksaidi kwenye mtungi kwa nyuzi 20 huwa na shinikizo la takriban baa 57, na kwa nyuzi 31 hufika karibu 74, kisha huendelea kupanda. Joto la mchana la Mombasa hupita hapo mara nyingi, hivyo bunduki mliyoipima asubuhi kwenye kronografu huwa si ileile saa nane mchana. Pimeni tena kila baada ya michezo michache, na mitungi ikae kivulini, si ndani ya buti la gari.

Kuhusu hewa, waulizeni wanaoendesha shughuli za kuzamia Diani au Watamu. Kompresa zao hujaza mitungi ya wazamiaji hadi baa 200, na mtungi wa peintiboli wa pauni 3,000 kwa inchi ya mraba ni baa 207, kwa hiyo unajaa karibu wote. Ule wa pauni 4,500 hautajaa, ila bado utatumika. Mtahitaji adapta yenye geji na kitufe cha kutoa hewa, kwa kuwa mdomo wa mtungi wa peintiboli si sawa na wa mzamiaji. Mnapokwenda, tazameni tarehe ya kipimo cha maji (kupima uimara wa mtungi kwa shinikizo la maji) iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi. Kwa mitungi ya alumini iliyotengenezwa kwa kanuni za Marekani kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka 5, na mwenye kompresa makini atakataa kuujaza uliopitwa na muda.